Mwarobaini na Mmelia: Miti Miwili ya Barabarani Yenye Jina Moja

Miti mingi ipandwayo kando ya barabara za miji ya Afrika Mashariki si ya asili ya nchi hizi, na baadhi yake ilipewa jina jipya ilipofika. Mkrismasi, uliotoka Bukini, uliitwa hivyo kwa majira ya kuchanua kwake, wala si rahisi kuukosea. Shida iko kwa mwarobaini.

Jina hilo latokana na arobaini, idadi ya maradhi ambayo yasemwa mti huo huyaponya, nao ni Azadirachta indica, uliotoka pande za Bara Hindi. Pwani ya Kenya huitwa pia mkilifi. Lakini katika miji ya bara, yenye baridi, wengi humwita mwarobaini hata mmelia, yaani Melia azedarach. Wataalamu nao hawakuiona mbali miti hii: mwaka 1753 Linnaeus aliiweka yote miwili katika jenasi ya Melia, hata Jussieu alipoutenga mwarobaini mwaka 1830. Azedarach na Azadirachta ni neno lile lile la Kiajemi, lenye maana ya mti huru.

Kosa hili si la maneno tu. Wako wachumao majani barabarani wakayachemsha kuwa dawa, na mmelia una sumu, hasa matunda yake, ambayo yamepata kuua watu na nguruwe, ingawa ndege huyala bila kudhurika.

Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, na majani madogo yamepangwa pande mbili, yamepinda kama mundu, kingo zina meno. Kikonyo cha mmelia hugawanyika tena matawi. Maua ya mwarobaini ni meupe; ya mmelia ni ya zambarau nyepesi, na katikati mna kibomba cheusicheusi. Tunda la mwarobaini ni refu kidogo mfano wa zeituni. La mmelia ni duara, nalo hubaki mtini hata majani yakipukutika. Kokwa yake ina mifuo na tundu la asili katikati, ndiyo maana hutungwa tasbihi.

Wako wasemao mwarobaini kamili. Kivumishi hicho chastahili kuangaliwa, kwani hakuna auitaye mti kamili asiyejua mwingine uliopunguka. Wasemaji, basi, wamekwisha kuona tofauti ambayo mtunga kamusi huifuta aandikapo tu “mti wenye majani machungu ya dawa”: maelezo hayo yaieneza miti yote miwili.