Kifaru Kilichopelekwa Kulima Karanga

Je, wajua kuwa kuna vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta ili vije Tanganyika kulima karanga? Vilikuwa Sherman vya Kimarekani. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha Vickers-Armstrongs huko Uingereza kiliving'oa mizinga, kikaviita Shervick.

Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali ya Attlee ikapanga kufyeka pori la ekari zaidi ya milioni 3 ili kulima karanga za kukamua mafuta, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo yakanunuliwa makatapila yaliyokwishatumika, mabaki ya jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yaani yalinunuliwa kwa sababu yalikuwepo, si kwa sababu yanafaa.

Udongo wa Kongwa una mfinyanzi na chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha kawaida. Plau inapopita, chembe hizo huisaga makali. Vumbi la udongo huo ni balaa zaidi. Filta ikizidiwa, vumbi huingia kwenye silinda, likachanganyika na oili, na oili iliyopaswa kulainisha inageuka msasa. Ringi za pistoni zinalika, injini inakosa nguvu na kuanza kutoa moshi. Kabla mwaka 1947 haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yamelala. Lengo la mwaka huo lilikuwa ekari 150,000; zilizofyekwa ni kama 7,500.

Wapo waliowatupia lawama madereva, waliopewa mafunzo ya haraka haraka. Huo ni uonevu. Hata dereva bingwa hawezi kuizuia kwatzi isikwangue chuma. Shervick nazo hazikufua dafu, na si ajabu: kifaru huundwa kikimbie na kubeba uzito wake chenyewe, ilhali kazi ya trekta ni kuvuta mzigo mzito polepole, kutwa nzima.

Kisha kuna suala la spea, ambalo fundi yeyote atalielewa upesi. Mashine za Kimarekani na za Kiingereza zilikutana Kongwa, na bolti zake hazikuwa ndugu. Bolti ya kawaida ya nusu inchi ya Kiingereza ilikuwa na nyuzi 12 kwa kila inchi, ya Kimarekani 13, na hata pembe ya nyuzi zenyewe ilikuwa tofauti. Kwa macho zinafanana. Nati itaingia mizunguko michache, ikwame. Ukiilazimisha kwa spana, umeziua nyuzi.

Novemba 1948, Marekani, Uingereza na Kanada zilikubaliana kutumia kipimo kimoja cha nyuzi. Lakini mashine za Kongwa zilikuwa zimeshaundwa kwa vipimo vya zamani. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikautupilia mbali mradi mzima, hasara ikiwa takriban pauni milioni 36.