Betri iliyo mwilini: Uliza itaisha lini kabla ya kupasuliwa

JE, umewahi kukosa kwenda kanisani au sokoni Karatina, au kuogopa kupanda matatu ya Nairobi, kwa hofu kwamba haja kubwa itakutoka kabla ya kufika chooni? Ikiwa ndivyo, fahamu kwamba hauko peke yako. Tatizo hili huwapata wake kwa waume, hasa akina mama waliochanika vibaya wakati wa kujifungua, wazee, wagonjwa wa kisukari na watu walioumia uti wa mgongo. Wengi hunyamaza kwa aibu.

Mojawapo ya matibabu yake ni kifaa kidogo cha umeme kinachopandikizwa mwilini. Mwaka wa 1995, madaktari wa Ujerumani walitoa habari za wagonjwa watatu wa kwanza, na Marekani ikakiidhinisha kwa tatizo hili mwaka wa 2011. Waya mwembamba huwekwa karibu na neva zinazotoka katika mfupa ulio sehemu ya chini ya mgongo, kisha huunganishwa na kifaa kilicho chini ya ngozi, juu ya kalio. Umeme hafifu huzisaidia neva na misuli inayozuia choo.

Kabla ya kupandikizwa, mgonjwa hujaribiwa kwa waya wa muda kwa siku kadhaa. Akipata nafuu ya nusu au zaidi, ndipo kifaa huwekwa.

Swali ambalo ni rahisi kulisahau ni hili: betri itadumu kwa muda gani? Betri hii si kama ya tochi, ambayo hutolewa na kutiwa nyingine. Imefungiwa ndani ya kifaa, hivyo basi ikiisha, kifaa chote hubadilishwa kwa upasuaji.

Vifaa vya zamani hudumu miaka mitatu hadi saba hivi, kutegemea nguvu ya umeme inayotumika. Vya kuchajiwa, vilivyoidhinishwa Marekani kuanzia mwaka wa 2019, vimeundwa kudumu takriban miaka 15. Mgonjwa huweka chaja juu ya ngozi kila baada ya muda, na ni lazima akumbuke kufanya hivyo. Tangu mwaka wa 2022 kuna pia visivyochajiwa vinavyoweza kudumu miaka 10 au zaidi.

Ukiona choo kinaanza kukutoka tena, usifadhaike. Tofauti na kifaa cha moyo, betri hii ikiisha maisha hayamo hatarini. Tazama kwanza kwenye rimoti kama kifaa kimezimika, kisha umwone daktari, kwani huenda waya umesogea au kukatika. Ikiwa ni betri, daktari hupasua mahali pa kovu la zamani, huondoa kifaa na kuunganisha kipya kwenye waya uleule kama ungali mzima. Kwa kawaida mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hatari kubwa ni kidonda kuingiwa na viini.

Huenda wewe au mzazi wako mlipandikizwa kifaa hiki ng'ambo, kisha mkarudi Nyeri, Nanyuki au Embu. Tunza kadi yake yenye jina na nambari ya kifaa. Ionyeshe kabla ya kupigwa picha ya MRI, kabla ya upasuaji wowote na kabla ya matibabu ya mashine za joto, ambazo zaweza kukudhuru.

Na ikiwa bado unafikiria kuwekewa, uliza: Ni nani atakayekibadilisha, na wapi? Gharama ni kiasi gani? Je, bima italipa? Afadhali kujua leo kuliko kuhangaika baada ya miaka mitano.

Hata hivyo, wengi hawahitaji kifaa hiki. Kubadilisha chakula, dawa za kuzuia kuhara na mazoezi ya misuli ya nyonga huwasaidia wengi. Misuli iliyochanika yaweza kushonwa, na fistula huhitaji upasuaji wake. Anzia hospitali iliyo karibu nawe, iwe ya rufaa ya Nyeri, Mathari, Tumutumu, Kerugoya au Chogoria, nao watakuelekeza kwa mtaalamu ikibidi.

Mweleze daktari waziwazi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.