Sindano katika Lango la Ububu: Tiba ya Akupancha na Lugha ya Mtoto Kiziwi

Utangulizi

Akupancha ni tiba ya jadi ya Kichina ambapo sindano nyembamba huchomwa katika nukta maalumu za mwili. Tiba hii, yenye umri wa zaidi ya miaka 2,000, hutumiwa kukabili maradhi mengi, ukiwemo uziwi na matatizo ya lugha kwa watoto. Makala haya yanaeleza msingi wa tiba hiyo, yanaangazia kampeni iliyoivumisha ulimwenguni, kisha yanaonyesha kwamba kasoro yake kubwa imo katika dhana ya lugha yenyewe.

Msingi wa Tiba

Kwa mujibu wa nadharia ya Kichina, nguvu ya uhai iitwayo qi hupita mwilini kwa njia zake maalumu; njia hizo zikizibana, ugonjwa huzuka. Masikio huhusishwa na figo, nao ulimi huhusishwa na moyo. Majina ya nukta zenyewe yana mvuto kwa mwanafunzi wa lugha. Mbele ya sikio kuna Ermen, yaani 'Lango la Sikio', na Tinggong, 'Kasri la Kusikia'. Kisogoni, karibu na mpaka wa nywele, kuna Yamen, 'Lango la Ububu'. Jina hili la mwisho linabeba nadharia nzima: kwamba usemi umo ndani ya mtoto, umefungiwa, na kinachohitajika ni kufunguliwa mlango tu.

Kampeni ya Liaoyuan

Mwaka 1968, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, matabibu wa jeshi, akiwemo Zhao Puyu, walipelekwa katika shule ya viziwi mjini Liaoyuan, mkoani Jilin. Zhao alijichoma mwenyewe kwanza katika nukta ya Yamen, tena kwa kina kilichopita mipaka ya mapokeo. Hilo lilikuwa jambo la hatari, kwa kuwa nukta hiyo i karibu na shina la ubongo. Punde vyombo vya habari vya China vikatangaza kuwa viziwi wanasikia na mabubu wanasema. Miongoni mwa maneno ya awali waliyofunzwa watoto hao ni yale ya kumtakia Mwenyekiti Mao maisha marefu.

Sifa hizo zilivuka mipaka. Rais Nixon wa Marekani alipozuru China mwaka 1972, hamu ya akupancha ilipanda nchini mwake, na wazazi wakawapeleka watoto wao viziwi kuchomwa sindano. Hata hivyo, watafiti walipopima usikivu kabla ya tiba na baada yake, hawakuona nafuu.

Kiini cha Kasoro

Sehemu kubwa ya uziwi wa kudumu wa utotoni hutokana na hitilafu za sikio la ndani. Humo mna koklea, yenye takriban seli-nywele 15,000 zinazogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Seli hizo zikifa, kwa binadamu hazioti tena, na sindano ya kisogoni haizifufui.

Je, watoto waliosemekana kupona walipataje kutamka? Kwanza, viziwi wengi wana masalio ya usikivu, na mazoezi ya matamshi yaliyoambatana na sindano yaliweza kuyanoa. Pili, maji yanayojikusanya katika sikio la kati mara nyingi hukauka yenyewe baada ya miezi michache. Sindano ikichomwa wakati huo, itapewa sifa isiyo yake. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi kwa mwanaisimu, kukariri kirai si kumiliki lugha. Mtoto anayetamka wito aliofunzwa hajathibitisha kuwa anaweza kuuliza, kukana au kusimulia.

Ikumbukwe kuwa ulimi wa mtoto kiziwi kwa kawaida hauna kasoro. Hasemi kwa sababu hajasikia. Eric Lenneberg alidai mwaka 1967 kwamba ujifunzaji wa lugha ya kwanza una kipindi chake maalumu. Wahenga nao walinena, udongo upatize uli maji. Kwa hivyo, hasara kuu ya tiba isiyofaa si maumivu ya sindano bali ni miaka inayopita mtoto akingoja lango lifunguke, ilhali hana lugha yoyote.

Hitimisho

China yenyewe ilipanua mikakati yake: kituo cha kitaifa cha kuwafunza watoto viziwi kilianzishwa Beijing mwaka 1983, na upandikizaji wa vifaa vya kisasa vya koklea ukaanza mwaka 1995. Aidha, tangu William Stokoe alipochapisha uchanganuzi wake mwaka 1960, imebainika kuwa lugha za ishara ni lugha kamili, zenye sarufi yake. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeiweka Lugha ya Ishara ya Kenya sambamba na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi za Bunge.

Neno 'bubu' katika Kiswahili, sawa na Yamen katika Kichina, humtazama mtoto kwa kile ambacho mdomo wake hautoi. Wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu wa kulihoji neno hilo, kwani mtoto mwenye lugha mikononi mwake si bubu.