Jua au jenereta? Tupige hesabu kwanza



Katika kutembelea vikundi vya huku Kulesa na vijiji vingine vya mtoni, kuna swali moja tunakutana nalo kila mara. Kikundi kimechanga, kimeuza ndizi na maembe, kimeweka akiba. Sasa kinataka mwanga. Hapo mkutano unagawanyika. Wengine wanasema, "Tununue jenereta, itawaka leo leo." Wengine wanasema, "La, tuweke sola, jua ni la bure." Kelele zinazidi, na mwishowe anashinda mwenye sauti kubwa.

Sisi tunaona ubishi huu hauishi kwa sauti. Unaisha kwa hesabu. Pesa za kikundi ni jasho la akina mama na vijana. Zikipotea, hazipotei peke yake. Watu huanza kunyosheana vidole, na kikundi chenyewe kinavunjika. Kwa hivyo, hebu tukae chini tuhesabu pamoja.

Kila kimoja kinafanya kazi vipi?

Jenereta ni injini. Inakunywa petroli au dizeli, inazunguka, inatoa stima. Ukiizima, stima imeisha hapo hapo. Haina akiba.

Paneli ya sola inageuza mwanga wa jua kuwa stima. Lakini sisi tunataka taa usiku, na usiku jua halipo. Kwa hivyo stima ya mchana inawekwa kwenye betri. Betri ni kama ghala la mpunga. Huwezi kutoa usichoweka. Kila siku ukitoa zaidi ya unachoingiza, baada ya siku chache utakuta ghala tupu. Katikati kuna chombo kidogo kinachoitwa chaji kontrola. Huyu ndiye mlinzi wa ghala: betri ikijaa anafunga mlango wa kuingiza, na betri ikikaribia kuisha anafunga mlango wa kutoa.

Hesabu ya jenereta

Jenereta ndogo ya petroli hutumia kama nusu lita kwa saa, hata ikiwa imewasha taa chache tu. Tuseme mnaiwasha saa tano kila usiku. Hiyo ni lita mbili na nusu. Kwa siku 30 ni lita 75. Kama lita moja ni shilingi 180, kwa mwezi mmoja mtatumia shilingi 13,500. Weka bei ya kwenu uone. Na hapo hatujahesabu oili, plagi, fundi, wala nauli ya bodaboda ya kufuata mafuta Garsen.

Tena jenereta iliyowekwa tu ya dharura ina ujanja wake. Isipowashwa mara kwa mara, siku ya haja inakataa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta kule Nairobi uliingia gizani kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Ikiwa ni hivyo kwa uwanja mkubwa wenye mafundi, je, ile ya kwetu iliyokaa stoo miezi sita?

Hesabu ya sola

Hapa tunahesabu kwa wati na saa. Chukua wati za kila kifaa, zidisha kwa saa kinazotumika. Tuchukue nyumba moja:

- Taa 4 za wati 5, kwa saa 5: 100
- Simu 3, kila moja 10: 30
- Redio ya wati 10, kwa saa 5: 50
- Televisheni ndogo ya wati 20, kwa saa 4: 80

Jumla ni 260 kwa siku. Huku kwetu tunaweza kuhesabu jua kali la saa 5 hivi kwa siku ya kawaida. Paneli ya wati 100 mara saa 5 ni 500. Toa kama theluthi moja inayopotea kwa joto, vumbi, waya na betri. Inabaki karibu 330. Inatosha, na inabaki kidogo ya siku ya mawingu.

Sasa betri. Betri ya kawaida ya asidi, ya volti 12 na ampea 100, inabeba 12 mara 100, yaani 1,200. Lakini tahadhari! Haifai kutumia zaidi ya nusu yake, la sivyo itakufa mapema. Kwa hivyo tunayo 600 ya kutumia. Hiyo ni mikesha miwili ya nyumba yetu, hata jua lisipotoka kabisa siku ya katikati.

Umeona tofauti? Jenereta ni rahisi siku ya kununua, halafu unailipia kila jioni. Sola ni ghali siku ya kununua, halafu inatulia. Lakini haitulii milele, kwa sababu betri nayo huzeeka. Kikundi chenye busara huweka akiba ya betri mpya tangu mwezi wa kwanza. Wenye simu wakilipa kidogo kwa kuchaji, pesa hizo ziingie kwenye akiba hiyo, si kwenye chai ya mkutano.

Walioanza zamani

Jambo hili si geni Kenya. Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, kule Meru, ilikuwa mbali na waya za stima, na ilikuwa inafikiria kununua jenereta ya kuwasha taa. Mark Hankins, mwalimu wa kujitolea kutoka Marekani, na mhandisi Harold Burris waliwashauri wajaribu sola. Taa zikawekwa na wanafunzi wakasoma usiku. Walimu na majirani walipoona kwa macho yao, wakaanza kuweka majumbani kwao. Vijana wa pale wakafundishwa ufundi. Kwa hivyo sola ilienea Kenya kwa mtu kuona nyumba ya jirani inawaka, na kwa kuwa fundi yuko karibu. Haya mawili yanahitajika hata leo.

Kinachoua sola ni nini?

Mara nyingi paneli haina makosa. Kinachokufa ni betri, na wanaoiua ni sisi wenyewe. Tumeona haya zaidi ya mara moja: mpira unaonyeshwa usiku, chaji kontrola inakata stima ili kulinda betri, na kijana mmoja mjuaji anaunganisha waya moja kwa moja kwenye betri. Watu wanashangilia, mpira unaisha vizuri. Wakirudia hivyo mara kadhaa, mwaka hauishi kabla betri haijawa ya kuwekea mlango usifungwe na upepo. Halafu watu wanasema, "Sola ni ya uongo!" Si uongo. Mlinzi amefukuzwa ghalani, basi mpunga umeibwa.

Shikeni haya:

1. Asiguse mtu waya za kontrola. Ikikata, mlale.
2. Betri ya asidi yenye vifuniko iangaliwe kila mwezi. Ikipungua, ongeza maji safi ya betri tu. Usiongeze asidi, wala maji ya mto.
3. Pimeni kwa mita asubuhi, kabla jua halijapiga na taa zikiwa zimezimwa. Volti 12.6 ni betri iliyojaa. Volti 12.2 ni karibu nusu. Ikiwa chini ya 12, punguzeni matumizi siku hiyo.
4. Msitumie betri ya zamani ya lori. Ile imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya dakika moja, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha.
5. Miembe yetu ni mizuri, lakini kivuli cha tawi moja tu kinaweza kupunguza sana stima ya paneli. Kama nyumba ni ya makuti au iko chini ya mti, wekeni paneli kwenye nguzo, mahali peupe. Huku tuko kusini kidogo mwa ikweta, basi ielekee kaskazini, na iiname kidogo ili mvua iteremke na vumbi. Kiangazi ipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Siku hizi kuna betri za lithiamu. Bei yake ni ya juu, lakini unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake, haitaki maji, na hudumu miaka mingi zaidi. Kama kikundi kina uwezo, ulizieni. Na kabla ya kumpa fundi kazi, mwombeni leseni yake ya sola kutoka EPRA. Hii si dharau, ni haki yenu.

Je, jenereta haina kazi?

Ina kazi. Mashini ya kusaga ya nguvu za farasi 10 inataka wati kama 7,500. Kuiendesha kwa betri ni gharama kubwa kwa kikundi kidogo. Kuchomelea vyuma na vipaza sauti vikubwa vya matanga ya siku mbili, hapo jenereta inafaa. Lakini ni afadhali kuikodi siku hizo chache kuliko kuinunua kwa ajili ya taa. Pampu ya shamba ni jambo jingine. Pampu za sola zipo, na unaweza kuzitumia bila betri. Jua linapanda, pampu inajaza tangi. Akiba yako ni maji.

Onyo moja tusilisahau: jenereta isiwashwe ndani ya nyumba kamwe, wala barazani, wala karibu na dirisha. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na mtu aliyelala haamki. Mtu anaiingiza ndani kwa kuogopa wezi au mvua, na asubuhi majirani wanavunja mlango. Hakuna taa yenye thamani hiyo.

Mto ukifurika

Tunaujua mto wetu. Mafuriko ya 1997, ya 2018 na ya mwishoni mwa 2023 yametufundisha. Barabara ikikatika, petroli haifiki, na jenereta inakuwa chuma tu, wakati tunapohitaji simu za kuomba mashua. Sola inaendelea, lakini ikiwa tu betri haijazama. Iwekeni juu, kwenye rafu imara, kuliko alama ya maji ya mafuriko makubwa ambayo wazee wanaikumbuka. Fungeni kwa skrubu ambazo mtu anaweza kufungua haraka, na wachagueni mapema wawili watakaobeba betri, kontrola na paneli kwenda mahali pa juu.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Tunataka stima ya kazi gani hasa, na ya saa ngapi? Andikeni kila kifaa.
2. Mwezi uliopita tulitumia pesa ngapi kwa mafuta ya taa, petroli na kuchaji simu?
3. Nani atapima betri kila asubuhi, na daftari litakaa wapi?
4. Betri ikifa, pesa ya kununua nyingine itatoka wapi?

Kama swali la nne halijapata jibu, msinunue bado. Endeleeni kuchanga na mkutane tena mwezi ujao. Haba na haba hujaza kibaba. Tutafurahi kusikia mmeamua nini.