Ardhi Ndani ya Kisanduku

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sidhani walipata kukiwazia kitu ambacho mtu hawezi kujua ni kizuri au ni kibaya, kwa vile hakina sauti wala harufu wala mwendo, ilhali chauzwa kwa thamani ya ng'ombe watatu wa gredi. Kitu hicho nimekiona kwa macho yangu sebuleni mwa rafiki yangu, na tangu siku hiyo sijapata utulivu.

Rafiki yangu huyo ni mwalimu mstaafu na mshabiki mkubwa wa rumba. Santuri zake za Franco na TP OK Jazz amezitunza kwa uangalifu kuliko wengine wanavyotunza hati za mashamba. Alipolipwa kiinua mgongo alijinunulia amplifaya na jozi ya spika zilizoundwa Ulaya. Hapo sina ugomvi naye. Aliyefundisha kwa zaidi ya miaka 30 ana haki ya kustarehe. Ugomvi wangu ulianza pale muuzaji alipomrudia na kumweleza kwamba mitambo hiyo haitaimba barabara mpaka iunganishwe na kisanduku cha "ardhi".

Kisanduku chenyewe ni cha mbao iliyong'arishwa, kizito kama kinu. Ndani yake, kwa mujibu wa kijitabu kilichoandamana nacho, mna mchanganyiko wa madini na vipande vya shaba. Juu pana skrubu, na kutoka hapo waya mnene huenda hadi nyuma ya amplifaya. Basi. Hakichomekwi kwenye soketi wala hakigusi udongo. Biashara ya visanduku vya namna hii imeshamiri Ulaya na Marekani, bei zikianzia mamia ya dola hadi maelfu, na wauzaji hudai kwamba vinanyonya "uchafu" wa umeme ili muziki utoke safi.

Mimi si fundi wa umeme. Kazi yangu ni lugha. Lakini hapa, msomaji, lugha ndiyo hasa iliyotumiwa kumwingilia mtu mfukoni.

Neno ardhi, katika mambo ya umeme, limebebeshwa maana tatu ambazo hazina budi kutenganishwa. Ya kwanza ni udongo huu tuukanyagao. Ya pili ni ule waya wa kijani wenye mistari ya manjano uingiao kwenye pini ndefu ya plagi zetu. Kazi ya waya huo ni kuokoa maisha: endapo waya wenye moto utalegea na kugusa bodi ya chuma ya pasi au friji, umeme hupata njia rahisi ya kurejea ulikotoka, ukapita kwa wingi ghafla, na fyuzi ikakatika au swichi ikajizima kabla mtu hajapigwa. Maana ya tatu ni ile sehemu ya saketi ambayo wahandisi wamekubaliana kuiita sifuri ili volti nyingine zipimwe kutoka hapo, kama vile tupimavyo kimo cha Mlima Kenya kutoka usawa wa bahari. Sifuri hiyo haihitaji udongo hata chembe. Redio ya betri haina waya wa ardhi na huimba vizuri. Ndege hukata mawingu ikiwa imejaa mitambo ya mawasiliano, na hakuna waya unaoning'inia kutoka tumboni mwake hadi Athi River. Hata amplifaya nyingi za bei ghali huuzwa na plagi za nyaya mbili tu, kwa kuwa zimekingwa kwa njia nyingine.

Muuzaji huzikoroga maana hizi tatu katika chungu kimoja. Humchorea mteja taswira ya bomba la maji machafu: uchafu umo ndani ya mtambo, ukifunguliwa njia utatiririka hadi ardhini. Taswira hiyo inapendeza, ila umeme hauna tabia hiyo. Umeme hauupendi udongo. Hutafuta njia ya kurejea kwenye chanzo chake, na bila mzunguko uliokamilika hauendi popote. Waya uliofungwa upande mmoja na kuishia ndani ya sanduku la mchanga haumwagi kitu. La kuogopa ni kwamba waya mrefu wa namna hiyo waweza kuwa erio na kukaribisha mawimbi ya redio ambayo hayakuwa na shughuli mle ndani.

Sisemi kwamba kelele za umeme ni hekaya. Nimezipata mwenyewe nikirekodi wasemaji kwa ajili ya uchunguzi wa toni. Kila nilipochunguza picha ya sauti niliona mstari umejilaza chini kabisa, kwenye mizunguko 50 kwa sekunde, yaani mwendo wa stima yetu, na mwingine kwenye 100, mahali ambapo sauti za wanaume wengi hukaa wanapozungumza. Kisa kilikuwa kompyuta na kinasa sauti kuchomekwa katika soketi mbili za mbali, kisha vikaunganishwa tena kwa waya wa sauti. Pakatokea kitanzi na mkondo ukazunguka humo. Nilivichomeka vyote katika soketi moja, mvumo ukatoweka. Gharama yake ilikuwa kuinama chini ya meza.

Rafiki yangu alinijibu kwa neno moja: "Daktari, nimesikia kwa masikio yangu." Simwiti mwongo. Ila sisi tunaochunguza matamshi twajua jinsi masikio yanavyoshawishika. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kwamba mtu akitazama filamu ya mdomo unaotamka "ga" huku akisikilizishwa "ba", aghalabu atasikia "da", sauti ambayo haikutamkwa na yeyote. Jicho limelihonga sikio. Mwaka 2007 nao E. Brad Meyer na David Moran walichapisha matokeo ya majaribio ambayo wasikilizaji hawakuambiwa wakati upi walisikia rekodi za kiwango cha juu na wakati upi zilishushwa hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554 walipatia 276, sawa na kurusha shilingi hewani.

Nilimwomba basi tuweke pazia, mjukuu wake awe akiunga na kuuondoa waya bila sisi kuona. Alikataa. "Mbona wataka kuninyang'anya furaha yangu?" Swali hilo lilinichoma, na nikanyamaza.

Majuma machache baadaye mkewe alilalamika kwamba friji humtekenya vidole kila aifunguapo. Fundi aliyeitwa alifungua sanduku la fyuzi, akaufuata waya wa kijani hadi nyuma ya ukuta, na hapo akaukuta umekatika. Nje hapakuwa na nguzo ya shaba. Aliyeijenga nyumba hakuipigilia. Kwa miaka yote hiyo tundu la tatu la kila soketi lilikuwa pambo. Nilimkumbuka Leslie Harvey, mpiga gita wa Stone the Crows, aliyeuawa jukwaani mjini Swansea mwezi wa Mei 1972 alipogusa maikrofoni kwenye mitambo isiyokuwa na waya wa ardhi ulio sawa. Rafiki yangu alikuwa amenunua ardhi ya kuweka kabatini, na jikoni kwake hamkuwa na yoyote.

Nguzo, waya na swichi ya kukata umeme unaovuja, pamoja na ujira wa fundi, havikufika thamani ya ule waya mnene wa kisanduku. Ilichukua alasiri moja. Friji sasa ni tulivu.

Kisanduku kingali pale pale, kimefunikwa kitambaa cha kufuma. Juzi mwenyewe aliniambia, huku akiigeuza santuri, kwamba tangu nguzo ipigiliwe gita la Franco limekuwa safi zaidi. Nilikunywa chai yangu.