Kidato cha nne si miaka minne

ASUBUHI moja ya mwaka 2009 nilisimama kwenye foleni mbele ya ofisi moja mjini Muyinga, mkononi nikiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na vyeti vitatu: cha darasa la saba, cha kidato cha nne na cha ualimu. Vyote vilitoka Tanzania, nchi niliyozaliwa na kusomea, kwa kuwa wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972 na kupewa hifadhi katika makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora.

Wakati ule shule zilikuwa zikitafuta walimu wa Kiswahili na Kiingereza. Burundi ilikuwa imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007, na lugha hizo mbili zikaingia katika shule za msingi. Sisi tuliotoka ng'ambo ya mpaka tukawa lulu. Kazi niliipata bila taabu. Taabu ilikuja kwenye mshahara.

Karani alivipokea vyeti vyangu, akavigeuza huku na huku, kisha akaniuliza, "Mwalimu, sekondari umesoma miaka mingapi?" Nikamjibu bila kufikiri, "Minne." Akaandika tarakimu ya 4 kwenye karatasi, akagonga mhuri. Tarakimu hiyo moja ilinigharimu miaka mitatu ya mshahara.

Hesabu iliyokosewa

Ndugu msomaji, wewe uliyerudi kutoka uhamishoni unaifahamu hesabu hii, lakini si vibaya tukiirudia. Kwa mfumo wa zamani wa Burundi, kabla ya mageuzi ya shule ya msingi ya miaka 9 yaliyoanza mwaka 2013, mtoto alisoma msingi miaka 6 na sekondari miaka 7. Jumla ni miaka 13. Mwalimu aliyemaliza njia hiyo huitwa D7. Aliyeishia miaka 4 baada ya msingi huitwa D4, na mshahara wake ni mdogo zaidi.

Kwa upande wa Tanzania nilisoma msingi miaka 7, sekondari miaka 4 na chuo cha ualimu miaka 2. Jumla ni miaka 13. Karani hakuongopa, na wala mimi sikuongopa. Aliuliza sekondari, nikamjibu sekondari. Lakini mwaka wa ziada wa msingi na miaka miwili ya chuo ikaanguka chini ya meza, nami nikawekwa kundi la D4.

Darasa langu na la mwenzangu aliyekuwa D7 yalitenganishwa na ukuta mmoja wa matofali. Tuliingia saa moja na nusu pamoja, tukatoka pamoja, tukasahihisha madaftari chini ya mwembe mmoja. Mwisho wa mwezi yeye alibaki na fedha ya kununua debe la maharage na sabuni. Mimi nilikopa kwake. Alikuwa mtu mwema, hakunidai kwa haraka, lakini kukopa kwa mtu mnayefanya kazi moja ni jambo linalouma.

Sheria inasemaje

Wengi hudhani kwamba nchi yetu haina sheria ya malipo ya haki. Si kweli. Mkataba Namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1951 kuhusu usawa wa malipo kati ya wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa, Burundi iliuridhia Juni 1993. Katiba ya mwaka 2005 ikasema kwamba watu wenye uwezo sawa wana haki ya mshahara sawa kwa kazi sawa, bila ubaguzi. Sheria ya watumishi wa umma ya Agosti 2006 ikaweka ngazi tatu za watumishi, yaani uongozi, usaidizi na utekelezaji, na mlango wa kila ngazi ni cheti.

Aidha, Mkataba wa Amani wa Arusha, uliosainiwa tarehe 28 Agosti 2000, unataja katika itifaki yake ya nne suala la ulinganifu wa vyeti vilivyopatikana nje ya nchi. Na Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma.

Basi sheria zipo. Tatizo liko kwenye yale maneno mawili, "uwezo sawa". Nani anaamua kwamba uwezo wangu ni sawa na wa jirani yangu? Si rais wala si bunge. Ni mtu mmoja aliyeketi nyuma ya meza, mwenye rundo la mafaili, au madosie kama yanavyoitwa huku kwetu. Mara nyingi cheo chake ni mshauri. Watu wachache wanamjua kwa jina, lakini kalamu yake ndiyo inayoamua chakula cha watoto wa watu.

Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Mwombaji hayupo mezani pale faili lake linaposomwa. Kilichopo ni karatasi zake tu, nazo haziwezi kujitetea.

Penseli ya Gitega

Mwaka 2012 nilichoka, nikapanda gari kwenda Gitega kupitia Karusi. Nyumbani kwa wazazi wangu ni kilima kimoja nje ya mji ule, kwa hiyo nilikuwa na pa kulala. Siku ya tatu nikaonana na mshauri mmoja, mzee wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa uzi.

Nilianza kumweleza manung'uniko yangu. Akaninyamazisha kwa upole: "Mwalimu, usinieleze umeonewa. Nieleze umesoma nini, mwaka kwa mwaka." Akachukua penseli, akaandika mwaka niliyoanza darasa la kwanza hadi mwaka niliotoka chuoni, mstari kwa mstari. Akahesabu. Akahesabu tena. "Kumi na mitatu," akasema. "Aliyekupokea alisoma cheti kimoja. Hakusoma maisha yako ya shule."

Baada ya miezi mitano barua ikaja. Nilipandishwa kundi. Malimbikizo ya ile miaka mitatu sikuyapata hadi leo, na barua haikueleza sababu. Hata hivyo nilijifunza jambo: yule mzee hakuwa na sheria tofauti na ya karani. Walitumia sheria ile ile. Tofauti yao ilikuwa penseli na nusu saa.

Nilipokaa upande wa pili

Mwaka 2019, miezi michache baada ya Gitega kufanywa mji mkuu wa kisiasa, niliitwa huko kusaidia kwa wiki tatu. Kulikuwa na rundo la maombi ya watu waliosoma Tanzania, na wasomaji wa mafaili walihitaji mtu wa kuwafafanulia Kiswahili na Kiingereza cha vyeti. Nilikwenda kwa furaha, nikijiambia kwamba sasa wenzangu watapata mtetezi.

Nakiri mbele yenu kwamba siku ya nne tu nilikuwa nimeshageuka yule karani wa Muyinga. Mafaili ni mengi, macho yanauma, chumba kina joto, na kila faili lina kasoro. Jina limeandikwa kwa herufi moja tofauti. Tarehe ya kuzaliwa ya cheti cha ubatizo haifanani na ya kitambulisho. Mkono unazoea kusukuma karatasi upande wa "haijakamilika". Hakuna anayekulaumu kwa kukataa. Anayekubali kimakosa ndiye anayelaumiwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wema hutoa majibu mabaya.

Alasiri ile nilisukuma faili la mwalimu mmoja wa kike aliyesoma katika kambi ya Mtabila, wilayani Kasulu. Cheti chake kimoja hakikuwa na mhuri unaosomeka. Nikaliweka kwenye rundo la kukataliwa. Kabla ya kuondoka nikaona nyuma ya jalada maandishi ya tarehe tatu tofauti. Faili hilo lilikuwa limeletwa mara tatu, na mara zote tatu lilirudishwa na neno lile lile: halijakamilika. Hakuna aliyeandika kinachokosekana ni nini.

Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Mama wa watu angerudi wapi kutafuta mhuri? Shule haipo, mwalimu mkuu hayupo, na majengo yamebaki jina.

Kesho yake nilimwomba mshauri aliyetusimamia aniruhusu niandike kinachokosekana na kinachoweza kukaa mahali pake, kwa mfano maelezo yaliyosainiwa na walimu wawili waliofundisha naye kambini. Akafikiri, akasema, "Andika. Lakini uandike kwa Kirundi, asije akamlipa mtu wa kumsomea." Nikaandika mistari sita. Uamuzi haukuwa wangu.

Mwanamke wa Kobero

Nilikutana naye mwaka uliofuata, si shuleni bali mpakani Kobero. Alisikia wenzake wakiniita mwalimu wa Muyinga aliyekuwa Gitega, akaniuliza kama ndimi niliyeandika mistari ile. Alikuwa nayo bado ndani ya pochi, imekunjwa mara nne. "Karatasi yako ilikuwa nzuri, kaka," alisema. "Ila ilinikuta nimeshaacha chaki." Alikuwa akivusha mchele kutoka Ngara, ana deni la magunia, na hakuweza kurudi darasani kusubiri tena.

Kisha akanigeuzia swali. Kwenye banda lake wanaume wawili walishusha magunia na wanawake watatu walichambua maharage kutwa nzima. Wanaume aliwalipa zaidi. "Je, mimi naye ni yule karani?" akauliza huku akicheka.

Swali lake si la kucheka. Ule Mkataba Namba 100 hausemi kazi sawa peke yake, unasema kazi yenye thamani sawa. Kubeba gunia si sawa na kuchambua maharage, lakini maharage yenye mawe hayauziki, hata yakibebwa na shujaa. Anayetaka kupima kwa haki huangalia ujuzi, nguvu, wajibu na mazingira ya kila kazi, halafu ndipo anapanga malipo. Tulikaa juu ya magunia tukahesabu, kama yule mzee wa Gitega. Siku ile aliwaongeza wachambuzi kidogo. Alisema mfuko haukuruhusu zaidi.

Nilimweleza pia kwamba asitafute kimbilio kwenye kima cha chini. Kima kilichotangazwa Burundi mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mijini Bujumbura na Gitega, na faranga 105 kwingineko, Muyinga ikiwamo. Hadi Kanuni mpya ya Kazi ilipotolewa Novemba 2020, viwango hivyo vilikuwa havijabadilishwa. Faranga 105 hazinunui hata yai. Mwajiri anayejisifu kwamba anazidi kima hicho hajasema kitu.

Somo kutoka mbali

Kuna nchi zilizojaribu kumwekea msoma mafaili kipimo cha wazi. New Zealand ilipitisha sheria ya mikataba ya malipo ya haki mwaka 2022. Chama cha wafanyakazi kilichotaka mazungumzo ya sekta nzima kilipeleka maombi wizarani, na maofisa wakayapima kwa vigezo vilivyoandikwa: ama kiungwe mkono na wafanyakazi 1,000 au asilimia 10 ya wahusika, ama kionyeshe maslahi ya umma, kwa mfano mishahara duni. Madereva wa mabasi na wafanyakazi wa maduka makubwa ni miongoni mwa walioomba. Desemba 2023 serikali mpya iliifuta sheria hiyo, ikiwa imedumu mwaka mmoja tu.

Wale walinyimwa sheria kwa kura, hadharani. Kwetu sheria haijafutwa, ila inaweza kufa kimyakimya ndani ya neno moja, "halijakamilika".

Tufanye nini

Kwa wenye meza, ombi langu ni dogo na halihitaji bajeti. Anayerudisha faili aandike kinachokosekana, kinachoweza kukaa mahali pake, na tarehe ya mwisho ya kujibu. Aandike kwa lugha ambayo mwombaji anaisoma. Na asome miaka yote, si cheti kimoja.

Kwa wewe uliyerudi, au unayejiandaa kurudi: usiondoke na vyeti vitupu. Andika kwenye karatasi moja miaka yako ya shule, mstari kwa mstari, na jumla yake chini. Tunza namba yako ya mtihani, kwa kuwa Baraza la Mitihani la Tanzania hutunza matokeo kwa namba hiyo. Kama ulisoma kambini, watafute leo walimu wako walio hai, kabla hawajatawanyika zaidi. Toa nakala, na kila unapopeleka faili dai karatasi ya mapokezi yenye tarehe.

Na ukiulizwa umesoma sekondari miaka mingapi, usijibu haraka kama mimi. Mwambie anayekuuliza, "Mzee, naomba penseli tuhesabu pamoja."