Mutoto Mwenye Kunyamaza, Mumupe Ngoma



Katika sehemu zetu za machimbo kuna vijana wengi wenye wameona mambo mazito. Mwezi wa 9 mwaka 2020, mvua kubwa iliporomosha mashimo ya zahabu kule Kamituga, na makumi ya watu walikufa. Watoto na wadogo zao walibakia. Wengine wamekimbia vita. Usiku wanashituka, ku masomo hawasikie mwalimu. Na sisi wakubwa tunawabana: "Sema basi, uliona nini?" Mutoto anazidi kufunga kinywa.

Musimulazimishe. Kidonda cha moyo mara nyingi hakina maneno, lakini mukono unaweza kuchora jambo lenye ulimi unashindwa kusema.

Muangalie kule Bukavu. Hospitali ya Panzi, ya jumuiya ya makanisa CEPAC, ilianzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, yule mwenye alipewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Toka mwaka 2015 walianza kuponya kwa nyimbo. Wanawake na wasichana wenye walitendewa jeuri wanakaa kwa kikundi, pamoja na mushauri wa mambo ya akili na fundi wa muziki. Wanatunga wimbo wao wenyewe, kisha wanaingia studio na kurekodi. Nyimbo zingine zinapita ku redio. Yule mwenye alikuwa anafichwa kwa haya, jirani anasikia sauti yake!

Wazee fulani watasema: hiyo ni michezo, tuombe tu. Ndiyo, tuombe. Lakini Sauli alipotaabika, walimuitia kijana mwenye kujua kupiga kinubi.

Studio hatuna, si kitu. Makala na karatoni vinatosha. Kama anachora shimo moja mara kumi, mumuache achore. Musiseme "hii ni mbaya". Musiitundike ukutani bila yeye kukubali. Na musimufanyishe mchezo wa kuigiza kifo cha baba yake mbele ya kanisa. Hiyo inatonesha kidonda. Kama hali wala halali, ao anasema anataka kufa, mumupeleke upesi kwa munganga.

Na wewe kijana wa kwaya: ile ngoma yenye inafungiwa chumbani toka siku ya Yenga mpaka Yenga ingine, uombe mashemasi ufunguo.